Namna ya kusikia rapa wa drill wa andagraundi anavyokua

Drill ni aina ya rap yenye biti nzito za giza na maneno makali, na ukitaka kusikia rapa wake anavyokua, usianze na ngoma yake mpya. Najua ndo inayokuvuta ila ukianzia hapo utasikia ngoma kali tu na hutajua katoka wapi. Rudi mpaka mwanzo, zile fristaili za kurekodi kwa simu, vesi alizopewa kwenye ngoma za wenzake, panga zote kwa tarehe zilivyotoka alafu sikiliza bila kuruka hata zile mbovu, na tumia iafoni za masikioni maana kwenye spika ya simu besi ya drill inapotea na nusu ya utamu uko huko.

Sasa unasikiliza nini? Mimi naamini ukuaji wa rapa wa drill unajulikana kwanza kwa anavyokaa na biti, anachosema kinafuata. Chukua biti ya drill ya staili ya London, inatembea kwenye spidi ya mapigo 140 hivi kwa dakika, haihati (zile sahani ndogo za ngoma) zinagonga kwa mafungu ya tatu, tatu, mbili, sneya (ile ngoma ya mlio mkali) inapiga alafu inayofuata inachelewa kuliko ulivyotegemea, na chini kabisa 808, yani ile besi nzito ya mashine, inateleza kutoka noti moja kwenda nyingine. Rapa mchanga anaogopa ile nafasi iliyobaki katikati, anaijaza yote, maneno mengi, adlibu (vile vikelele vya pembeni) juu ya kila neno, pumzi inakata kabla mstari haujaisha. Akikomaa anaanza kuacha matundu, anamaliza mstari mapema anaiacha 808 ishuke peke yake alafu anaingia nyuma kidogo ya biti, yani hapo ndo mwili unasisimka kabisa! Jaribu hivi: ngoma moja ya zamani na moja ya sasa zenye spidi inayokaribiana, baa nane za kila moja, angalia anavuta pumzi wapi. Rudia mpaka uisikie bila kutafuta.

Alafu sauti yake. Karibu wote wanaanza kwa kuiga na mimi sioni ubaya, mana drill yenyewe imekua kwa kuazimana: ilitoka kusini mwa Chicago, 2012 Chief Keef, rapa wa huko, akaipeleka mbali akiwa bado na miaka 16, London wakaipa mwendo wao, baadae Brooklyn ya New York wakazifuata biti za London, rapa wao Pop Smoke alikua anachana juu ya biti za 808Melo ambae ni prodyuza wa London. Kwa hiyo usimhukumu kwa kuiga, tafuta ni ngoma gani ameacha lafudhi ya kuazima akaanza kutamka vile anavyoongea kawaida akiwa laivu. Ukiipata iwekee alama.

Kwenye mashairi nenda taratibu. Watu wanadhani kukua ni kuwa mpole, aache ukali aanze kuimba mapenzi, hapana. Lil Durk wa Chicago alielekea kwenye melodi na ikamkaa, Headie One wa London 2020 alifanya mradi mzima na prodyuza Fred again.. wenye sauti za kielektroniki, lakini mwingine anabaki kwenye giza lilelile na anakua humohumo kwa sababu sasa anakuonyesha chumba, saa ngapi, nani hakurudi, wakati zamani alikua anatisha tu. Angalia kama vitisho vimeanza kuwa na mtu ndani yake.

Na tafadhali usikae kwenye komenti kufafanua mstari huu unamlenga nani. 2019 huko London marapa wa drill Skengdo na AM walipewa kifungo cha miezi 9 kilichoahirishwa kwa kuimba jukwaani ngoma iliyokiuka amri ya mahakama, yani maneno ya drill yanafika mpaka kwa hakimu. Ukimpenda msanii muachie mafumbo yake.

Ukishamaliza kusikiliza mwambie. Hana meneja wala lebo, anasoma meseji mwenyewe, na "kali sana bro" anazipata kila siku. Mwandikie dakika na sekunde, mwambie "pale ulipoacha biti ipite bila kusema kitu ndo paliponishika", au "korasi hii ungeikata mapema ingeuma zaidi". Na kama kuna prodyuza mmoja anaerudirudi kwenye zile ngoma zake bora mtaje na yeye kwa jina kila unaposhea ngoma, wote wawili wanatafuta watu wa kuwasikiliza hivyo.