Sheria na usalama wa raia: ya kuweka sawa kabla ya kuomba chuo Iringa au Mbeya

Anza na suala la sare. Vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini huomba kusoma sheria wakiamini shahada itawaingiza moja kwa moja Polisi, Magereza au Uhamiaji. Chuo hakina uwezo huo. Jeshi husika hutangaza nafasi lenyewe, hupima umri, urefu na afya, hukagua kama mwili una tattoo, kisha mwenye digrii naye huenda depo, yaani kambi ya mafunzo, kama wenzake. Kwa hiyo piga hesabu ya umri mapema: ukianza na miaka 24, programu ya miaka minne itakutoa na 28, na hapo bado unasubiri tangazo. Anayelenga uwakili naye ajue kwamba baada ya shahada kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na ada yake iingie kwenye bajeti ya familia tangu sasa.

Shahada ya sheria inapatikana Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha (RUCU), vyote vya Iringa mjini. Aliye kazini aangalie Chuo Kikuu Huria, chenye vituo mikoani. Soma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka husika, usitegemee wa kaka yako. Kwa kawaida wa kidato cha sita anatakiwa principal mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, yaani D mbili, au C na E. Mwenye stashahada anahitaji GPA (wastani wa ufaulu) ya 3.0. Hicho ni kiwango cha chini tu. Vyuo vingi huangalia pia alama ya Kiingereza ya kidato cha nne, na hapo ndipo wengi hukwama bila kutarajia.

Sasa nyaraka, ambazo ndizo huwaponza watu wengi kuliko alama. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na baada yake vijana huitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Ukiwa kambini Mafinga bila simu, dirisha la mkopo na la udahili yanaweza kufunguka na kufungwa bila wewe kujua. Kwa hiyo kabla ya kuripoti hakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na cha kifo kama mzazi amefariki. Linganisha majina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kikisema Ambakisye na cha kidato cha nne kikisema Ambakisie, mfumo unaweza kuwaona kama watu wawili, na kurekebisha kunahitaji kiapo na muda. Mdhamini awe tayari na kitambulisho chake. Fomu ya mkopo huchapwa, husainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji na kamishna wa viapo, kisha huskaniwa na kupakiwa. Ukurasa mmoja ukikosa saini au muhuri, ombi linahesabika halijakamilika.

Namba ya simu unayojaza iwe yako, si ya mwenye steshenari. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa hapo, na unathibitisha chuo kimoja tu. Asiyethibitisha hupoteza nafasi, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa aliyefaulu vizuri.

Lugha nayo ipewe uzito wake. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, lakini darasani chuo kikuu bado ni Kiingereza. Tumia miezi ya kusubiri kusoma hukumu za Mahakama ya Rufani kwenye tovuti ya TanzLII, ni bure: moja kwa siku, ukiandika ukweli wa kesi, hoja na uamuzi kwa maneno yako. Zishike pia Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20) na Ushahidi (Sura ya 6). Ukinunua nakala kuukuu, angalia jalada. Toleo la 2023 lilianza kutumika Julai 1, 2025, na namba za baadhi ya vifungu zimebadilika. Ukinukuu za zamani kwenye mtihani unapoteza alama.

Mengine ni madogo. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) linaweza kuchelewa, kwa hiyo fedha ya geto, yaani chumba cha kupanga, na ya chakula cha mwezi wa kwanza itoke nyumbani. Beba koti na blanketi zito; Juni na Julai baridi ya Mbeya haina huruma kwa anayesoma usiku.