Jinsi ya Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kati ya Mwanza na Songwe

Msafiri anayetaka kujua safari ya ndege kutoka Mwanza hadi Songwe, uwanja unaohudumia Mbeya, itamchukua muda gani, anahitaji kupima vitu viwili asivichanganye: mstari ulionyooka kati ya viwanja hivyo, na njia ambayo ndege aliyoikatia tiketi itapita.

Anza na mstari ulionyooka. Uwanja wa Mwanza uko kwenye latitudo ya nyuzi 2.44 kusini na longitudo ya nyuzi 32.93 mashariki, Songwe uko nyuzi 8.92 kusini na 33.27 mashariki. Ukitoa latitudo ndogo kwenye kubwa unapata nyuzi 6.48, na kwa kuwa nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, tofauti hiyo ni kama kilomita 719. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 0.34 tu, yaani kilomita 38 hivi. Zidisha kila urefu kwa wenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla: utapata kilomita 720, au maili za baharini 389 kwa kipimo cha marubani. Nyuzi za longitudo hupungua urefu kadiri unavyoiacha ikweta, lakini ndani ya Tanzania upungufu huo haufiki asilimia 3, kwa hiyo hesabu hii inatosha kabisa.

Muda hupatikana kwa kugawanya umbali kwa mwendo wa ndege ikiwa angani, kisha kuongeza kama dakika 25 za ndege kutembea uwanjani, kupaa, kushuka na kujipanga kutua. Ndege ya mapangaboi (propela) inayokwenda kilomita 600 kwa saa ingehitaji saa 1 na dakika 37. Ndege ya jeti yenye mwendo wa kilomita 830 kwa saa ingehitaji saa 1 na dakika 17. Tofauti ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu zile dakika za kupaa na kushuka hazikwepeki.

Hapa ndipo ratiba inapobadilisha mambo. Ikiwa tiketi yako inapitia Dar es Salaam, utaruka kilomita 850 hivi kuelekea pwani, kisha karibu 690 kurudi magharibi, jumla kilomita 1,540, zaidi ya mara mbili ya mstari ulionyooka. Kwa jeti, vipande hivyo viwili vinakaribia saa 2 na dakika 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri kuunganisha, ambao mara nyingi ndio unaoamua kama utafika siku hiyo au utalala Dar. Ushauri wangu ni kutazama kwanza saa ya kuondoka Mwanza na saa ya kufika Songwe, kabla ya kulinganisha nauli.

Soma saa hizo kwa uangalifu. Tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24, hivyo 14:30 ni saa nane na nusu mchana, na 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mahali ndege ilipo: Mwanza na Songwe hazitofautiani, ila anayeanzia Kigali, ambako saa iko nyuma kwa saa 1, atoe saa hiyo kwenye tofauti ya kuondoka na kufika ndipo apate muda halisi wa safari.