Kupima Mzigo wa Seva Kabla ya Kuchagua Eneokazi la Mbali
Seva ya Linux ikiwa haina mtumiaji, andika amri ya free -h na unukuu kumbukumbu iliyotumika. Kisha fungua kikao kimoja cha VNC, yaani eneokazi la mbali linaloendeshwa kwenye seva na kuonyeshwa kwenye kompyuta ya mtumiaji, fanya kazi ya kawaida, upime tena, kwa kuwa tofauti hiyo, ikizidishwa kwa idadi ya watumiaji wa wakati mmoja, ndiyo makadirio ya mzigo utakaoibebesha seva. Tazama prosesa pia, kwa amri ya top, huku ukisogeza kurasa, maana kila badiliko la picha husimbwa na seva kabla ya kutumwa. Kinyume chake, programu iliyosakinishwa kwenye kompyuta ya mtumiaji hujichorea skrini yenyewe na kuiachia seva maombi ya data. Binafsi huichagua hiyo kila inapopatikana.