Namna ya Kuongoza Matembezi ya Picha za Watu katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Anayeongoza kikundi cha wapiga picha ndani ya Mji Mkongwe ana kazi mbili: kuwaonesha wageni wake mwanga na mahali, na kuwalinda wenyeji wasielekezewe kamera bila ridhaa yao. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa, na naamini kwamba ile ya pili ndiyo inayoamua ubora wa ile ya kwanza, kwa sababu uso wa mtu aliyepigwa picha kwa kuviziwa haufanani hata kidogo na uso wa mtu aliyebishiwa hodi akaitikia karibu. Maelezo haya nimewaandikia wapiga picha na watembeza wageni wanaotaka kuandaa matembezi ya namna hiyo, yaani matembezi ambayo shabaha yake ni sura za watu, huku majumba yakibaki nyuma yao.

Jambo la kwanza ni leseni. Kutembeza wageni Zanzibar ni kazi inayosimamiwa na Kamisheni ya Utalii, kwa hiyo mpiga picha asiye na leseni ya kutembeza wageni na ashirikiane na mwenye nayo. Baada ya hapo, pita njia yako yote wiki moja kabla ya siku ya matembezi, bila kamera. Kaa kwenye baraza, kunywa kahawa, msalimie fundi unayetarajia kumpelekea watu, na mweleze ni siku gani utakuja na mtakuwa wangapi. Akisema siku hiyo ana kazi nyingi, badilisha njia yako, wala usimbembeleze.

Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una eneo la hekta 96 tu, na udogo huo huwatia waongozaji tamaa ya kuumaliza wote kwa asubuhi moja. Picha za watu hazipatikani kwa mwendo. Chagua vituo vinne, au vitano ikiwa kikundi ni chepesi, na kila kituo kipe muda usiopungua nusu saa. Washiriki wasizidi sita. Nilipowahi kukubali kumi na wawili, tuliziba uchochoro mzima, mama mmoja akashindwa kupita na kapu lake, na tangu siku hiyo sijazidisha idadi kwa sababu yoyote.

Njia ninayoipendelea huanzia kwenye diko la Malindi, yaani mahali wavuvi wanapotia nanga, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, vyombo vinaposhusha samaki na mnada unapoanza kupamba moto. Hapa watu wako kazini na hawana nafasi ya kusimama, kwa hiyo waelekeze washiriki wajitenge pembeni, wasikanyage njia ya wachukuzi, na waombe ruhusa kwa wale waliomaliza kazi na kukaa kupumzika. Kutoka hapo tunakata mtaa wa Kiponda hadi soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, kisha tunaingia Mkunazini, tunapumzika Soko Muhogo, na jioni tunakutana tena kwenye bustani ya Forodhani, ufukweni. Mnapokuwa njiani, wakumbushe mapema kwamba askari, kambi, Ikulu na shughuli za bandari si vitu vya kupiga picha bila kibali.

Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, usilifanye nguzo ya ratiba yako. Sehemu yake iliporomoka mwezi Desemba 2020, na mshiriki aliyeahidiwa veranda zake atavunjika moyo.

Kuhusu mwanga, lazima mwongozaji aelewe kwamba Unguja iko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kwamba jua la hapa hupanda na kushuka karibu wima. Ile rangi ya dhahabu ambayo wageni kutoka Ulaya wamezoea kuifaidi kwa saa nyingi za jioni ya kiangazi, kwetu haidumu hata muda wa saa nzima. Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu jioni washiriki wawe wamekwisha kufika Forodhani, wamekwisha kuongea na watu, na kamera zao zimekwisha kurekebishwa. Anayeanza kutafuta mtu wa kumpiga picha wakati jua linagusa maji amechelewa.

Ndani ya vichochoro mambo ni kinyume. Asubuhi na mapema nyumba ndefu huzuia jua, na vijia vingi huwa na kivuli cha rangi ya buluu. Jua linapopanda, mwanga hupenya kutoka juu, hugonga kuta za chokaa, na kurudi usoni kwa mtu aliyekaa barazani ukiwa laini kabisa, kana kwamba umepitishwa kwenye shuka nyeupe. Kwa sababu hiyo, saa tatu hadi saa tano asubuhi, muda ambao wapiga picha wengi hufungasha na kurudi hotelini, ndio ninaoupenda zaidi kwa sura za watu. Yapo mawili ya kuangalia. Kwanza, mtu asikae kwenye ule mstari mwembamba wa jua kali, maana nusu ya uso itaungua na nusu itatumbukia gizani. Pili, tazama rangi ya ukuta unaomkabili: ukuta uliopakwa kijani utampaka kijani shavuni, na kasoro hiyo ni taabu kuiondoa baadaye kwenye kompyuta.

Mahali bora kuliko pote ni mlangoni. Mwombe mtu asimame hatua moja nyuma ya kizingiti, uso ukielekea nje: mwanga wa kichochoro utamwangaza kwa mbele, na giza la ukumbi litakuwa pazia nyuma yake. Wageni wengi hutaka kumwegemeza mtu kwenye mlango wenyewe kwa sababu ya nakshi na njumu zake, nami huwaruhusu, lakini huwaonya kwamba ubao mweusi na ngozi nyeusi huhitaji mwanga wa ubavuni ili vitengane. Hapo ndipo ninapowaeleza pia kuhusu milango yenyewe, kwamba ile ya mtindo wa Kiarabu ina sehemu ya juu iliyonyooka na ile ya mtindo wa Kihindi mara nyingi ina tao, kwa kuwa tao hilo linaweza kuzunguka kichwa cha mtu kama fremu, na ubao wa juu ulionyooka unaweza kuonekana kama unamkata mtu shingoni mpiga picha asipokuwa mwangalifu.

Kamera yenyewe isiwe mzigo. Lenzi ya milimita 85, kwenye kamera ya fremu kamili, inahitaji umbali wa karibu mita nne na nusu ili mtu mzima aingie kuanzia kofia hadi viatu, na vichochoro vingi haviruhusu kurudi nyuma kiasi hicho, ilhali lenzi ya milimita 35 humaliza kazi hiyo kwa mita mbili. Mshiriki akiwa na lenzi moja tu, na iwe ya 35 au ya 50. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, isishuke chini ya sehemu moja kwa 200 ya sekunde, maana watu wetu huzungumza kwa mikono. Hatari kubwa zaidi ni kipimo cha mwanga: kamera ikiona ukuta mweupe au kanzu nyeupe hudhani mwanga umezidi, hupunguza, na uso wa Mswahili unatoka mweusi tii usio na macho. Mfundishe kila mshiriki kupima mwanga usoni, na kuuacha ukuta upauke ukitaka kupauka. Nimeona picha nyingi mno za watu wetu ambamo mlango unaonekana vizuri kuliko mwenye mlango, na sioni sababu ya kuzizidisha.

Sasa nije kwenye kuomba ruhusa. Kamera ikae chini, imening'inia, kifuniko cha lenzi kikiwa mahali pake. Mwongozaji ndiye anayetangulia kwa salamu, na salamu isiharakishwe: asalamu alaikum kwa walioketi barazani, shikamoo kwa aliyekuzidi umri, kisha habari za nyumbani na za kazi. Baada ya kuitikiwa, sema wazi kilichokuleta. Mimi husema hivi: "Bibi, hawa ni wageni wangu, wanajifunza kupiga picha za watu. Mmoja wao angependa kukupiga picha hapo ulipokaa, ukiridhia. Usiporidhia, hatuna neno." Mweleze pia kama picha itawekwa mtandaoni, kwa sababu mtu anaweza kuridhia kupigwa picha na asiridhie kusambazwa. Akikataa, mshukuru, mwombe radhi kwa usumbufu na ondoka na kikundi chote. Asibaki mmoja nyuma na lenzi ndefu. Wafundishe washiriki wenyewe kusema "naomba kukupiga picha", kwani sentensi hiyo, hata ikitamkwa vibaya, hufungua milango ambayo ishara ya kidole haifungui.

Mwanamke aliyevaa buibui mwachie yeye aamue apigwe namna gani: wapo wanaoridhia mikono yao yenye hina tu, na picha hiyo ni sura yake pia. Waumini wanaoingia msikitini waacheni wapite. Watoto wa chuo cha Kurani wenye misahafu kifuani huwavutia sana wageni, lakini hawana uwezo wa kutoa ridhaa, na vivyo hivyo vijana wadogo wanaoruka baharini pale Forodhani. Kama mzazi au mlezi hayupo, hakuna picha.

Mtu akiridhia, wakae naye washiriki wawili tu, na wengine uwapeleke kwingine. Usimwambie acheke. Muuza kahawa wa kijiwe cha Jaws Corner ukimwuliza dele lake, yaani birika lake la kahawa, alilipata wapi, atalishika, ataligeuza, atakueleza, na uso wake utakuwa wake mwenyewe. Mshona kofia za viua mwache ashone hadi asahau kwamba upo, kisha uliza jina la ua analolishona, naye atainua macho.

Kituo kimoja hatupigi sura za watu kabisa, nacho ni kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Ninawaingiza wageni, ninawaeleza, na kamera zinabaki mkobani. Si mahali pa kumpanga mtu akatabasamu.

Kabla ya jioni huwapitisha Barabara ya Kenyatta kwenye Capital Art Studio, studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, baada ya wapiga picha wengine kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho kuwa wamekwisha kuujengea mji huu jina katika sanaa hiyo. Nataka washiriki waone kwamba watu wa Zanzibar walikuwa wakienda kupigwa picha kwa hiari yao, wamevaa walichochagua, wamekaa walivyotaka kukumbukwa, na kwamba picha ilirudi nyumbani kwao ikatundikwa ukutani.

Hilo la kurudisha picha lipangie bajeti tangu unapotoza ada. Weka daftari, andika jina la kila aliyepigwa picha, baraza anayokaa na namba ya picha yake. Kila mshiriki akuachie picha mbili au tatu kabla hajasafiri. Zisafishe kwa ukubwa wa inchi 4 kwa 6 na uzipeleke wewe mwenyewe ndani ya wiki moja. Niliwahi kumwahidi mzee mmoja wa Kiponda picha yake nikachelewa miezi mitano, na nilipofika, barazani alikuwa amekaa mwanawe. Alipokea bahasha, akaitazama picha muda mrefu, akaingia nayo ndani.

Siku ya kupeleka picha usiende na wageni. Kamera iache nyumbani, mpe kila mtu picha yake mkononi, na ukikaribishwa kahawa, kaa unywe.