Kutafuta kesi yako katika mahakama za Ohio kabla ya kutuma fomu ya uraia

Kila anayejaza N-400, fomu ya kuomba uraia wa Marekani, hufika kwenye swali lile lile akanyamaza kidogo: je, umewahi kukamatwa, kuandikiwa tiketi, kuwekwa kizuizini au kushtakiwa? Wengi hujibu kwamba ilikuwa zamani, wakalipa, ikaisha. Huenda kweli iliisha. Lakini USCIS, idara ya uhamiaji na uraia, huchukua alama za vidole na kuzipeleka FBI, na kama uliwahi kukamatwa, afisa wa usaili atataka karatasi ya mahakama yenye muhuri inayoonyesha kesi ilikwishaje. Kuitafuta hiyo karatasi ni kazi yako. Yeye hakutafutii.

Naandika kwa ajili ya watu wa Ohio kwa sababu ndiko ninakokaa na kuwasaidia watu na fomu hizi, na kwa sababu Ohio ni sumbufu. Aliyeko Wisconsin, Maryland au Indiana ana tovuti moja ya mahakama za jimbo, tena ya bure. Ohio ina kaunti 88, kila moja na karani wake, tovuti yake na mazoea yake. Dirisha moja la jimbo zima halipo. Zile tovuti za kulipia zinazojitangaza kuwa na "rekodi zote" mimi sizitumii kabisa: zinachanganya watu wenye majina yanayofanana, na karatasi yao haina muhuri wa mahakama, kwa hiyo hata ikiwa sahihi haikusaidii. Na PACER, tovuti ya kesi ambayo lazima kuna mtu atakutajia, ni ya mahakama za serikali kuu. Tiketi yako ya Columbus haimo humo.

Hatua ya 1: Orodhesha mahali, siyo miaka

Kesi hufunguliwa pale tukio lilipotokea, haijalishi unakaa wapi. Madereva wa malori ndio wanaohangaika zaidi hapa. Umesimamishwa kwenye barabara kuu ya I-70 karibu na mpaka wa Indiana, kesi iko Kaunti ya Preble. Umesimamishwa ukikaribia West Virginia, iko Belmont. Kutafuta Columbus ni kupoteza jioni.

Kama uliwahi kukamatwa na hukumbuki vizuri ni wapi, omba FBI wakupe muhtasari wa rekodi yako mwenyewe. Ni dola 18, na utatakiwa kutuma alama za vidole. Mara nyingi hauonyeshi kesi ilivyokwisha, ila unakutajia idara ya polisi iliyokukamata, na ukishaijua idara umeijua kaunti.

Hatua ya 2: Mahakama gani?

Municipal Court (kwingine inaitwa County Court) hushughulikia makosa madogo ya jinai, tiketi za barabarani, kesi za kutolewa nyumba na madai ya hadi dola 15,000. Court of Common Pleas ni ya makosa makubwa, madai makubwa na talaka. Probate ni ya mirathi, vibali vya ndoa na kubadilisha jina. Katika Kaunti ya Franklin, karani wa Municipal na karani wa Common Pleas ni ofisi mbili tofauti, zote South High Street, kila moja na tovuti yake. Ukitafuta kwa mmoja hujatafuta kwa mwingine.

Halafu kuna mahakama ya nne, na hii watu hawaijui: Mayor's Court, yaani mahakama ya meya wa mji mdogo. Katika Marekani nzima ziko Ohio na Louisiana tu. Huamua tiketi na ukiukaji wa sheria ndogo za mji. Dublin, Hilliard, Gahanna na Grove City wanazo, na zote zimeizunguka Columbus. Kesi iliyoishia kwa meya usitegemee kuiona kwa karani wa kaunti. Kama tiketi ilitolewa na polisi wa mji mdogo na huioni popote, piga simu ofisi za mji huo uombe kuongea na karani wa Mayor's Court.

Hatua ya 3: Fungua ukurasa wa kutafutia

Ingia kupitia tovuti ya kaunti yenyewe, tumia kompyuta badala ya simu, bonyeza sehemu ya kutafuta kesi, kubali masharti. Basi.

Hatua ya 4: Jina

Hapa ndipo muda unapoliwa, na hapa ndipo watu hukata tamaa wakasema kesi haipo. Kesi ipo. Ipo kwa jina ambalo polisi aliliandika usiku, kando ya barabara, akinakili kutoka kwenye leseni yako ya wakati ule.

Kwa hiyo kabla hujagusa kompyuta, toa kila kitambulisho ulichowahi kutumia Marekani: leseni ya zamani, I-94 (rekodi ya kuingia nchini), kadi ya kijani, kadi ya Social Security. Andika kila namna jina lako lilivyoandikwa. Utashangaa. Kisha tafuta kwa kila namna, ukianza na ile ya leseni.

Mfumo wa hapa unataka jina la kwanza na la ukoo. Sisi tuna majina matatu, la kwangu, la baba na la babu, na hakuna aliyewaambia lipi ni la ukoo. Chukua mtu wa kubuni anayeitwa Hamisi Juma Bakari. Anaweza kuwa BAKARI, HAMISI J. Anaweza kuwa JUMA BAKARI, HAMISI. Nimeona pia majina yaliyopinduliwa kabisa, la mtu mwenyewe likakaa mahali pa ukoo. Jaribu yote.

Ndugu zetu kutoka Kongo wana shida yao ya peke yake. Vitambulisho vya kwao hutanguliza jina la ukoo, likafuata jina la pili la Kiafrika, na lile la ubatizo, tuseme Jean-Pierre, likaja mwisho. Karani wa Marekani akisoma kutoka kushoto, jina la ukoo linageuka la kwanza na Jean-Pierre anakuwa ukoo. Na hiyo kistari: tafuta pamoja nayo, bila nayo kwa kuacha nafasi, na kwa kuunganisha.

Aliyeingia na jina moja tu mara nyingi alipewa FNU, kifupi cha kusema jina la kwanza halijulikani. Wapo waliopewa LNU kwa upande wa ukoo. Hilo FNU huandikwa kama jina halali, hivyo liandike kwenye kisanduku cha jina la kwanza. Mwenye Ng' katika jina, kama Ng'ang'a, aache alama ile kwanza, kisha aiweke, kisha ajaribu kuweka nafasi mahali pake.

Tahajia nayo: Hamisi, Hamis, Khamis, Khamisi. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Abdallah, Abdalla, Abdullah. Usipoteze muda kuandika zote. Tovuti nyingi hukubali herufi chache za mwanzo, nyingine zinataka nyota mwishoni. Andika ABD kwenye ukoo, herufi moja kwenye jina la kwanza, kisha chuja kwa mwaka. Orodha ndefu unayoipitia kwa macho ni bora kuliko jina zima linalorudisha sifuri.

Tarehe ya kuzaliwa inachuja vizuri, isipokuwa mambo mawili. Kwanza, Wamarekani hutanguliza mwezi: 03/07 ni Machi 7, na mtu aliyezaliwa Julai 3 akiandika kwa mazoea ya nyumbani hatajiona. Pili, waliopita kambi za wakimbizi wengi wameandikiwa Januari 1. Ukitafuta Mohamed aliyezaliwa Januari 1 utapata kundi la watu, kila mmoja na kesi yake. Hapo usihukumu kwa jina na tarehe. Fungua kila kesi uangalie anwani. Kumbebea mtu mwingine kosa lake kwenye fomu ya uraia ni balaa, na kuliacha la kwako ukidhani ni la mwenzako ni balaa kubwa zaidi.

Kama una ile karatasi ya tiketi, hata iliyochakaa, sahau yote haya. Tafuta kwa namba.

Hatua ya 5: Kuisoma doketi

Doketi ni orodha ya yote yaliyofanyika kwenye kesi. Namba ya kesi inakwambia mengi. Baada ya mwaka huja herufi: TRD ni kosa la kawaida la barabarani, TRC ni kuendesha ukiwa umelewa, CRB ni jinai ndogo, CRA ni kosa kubwa linaloanzia Municipal, CVG ni kutolewa nyumba. CR peke yake, kwenye Common Pleas, ni kosa kubwa lililofika lilikokuwa linakwenda.

Sasa sikiliza kuhusu CRA. Kosa kubwa huweza kufunguliwa kwanza Municipal, huku mwendesha mashtaka akilipeleka kwenye jopo la raia, grand jury. Jopo likikubali, kesi mpya hufunguliwa Common Pleas kwa namba mpya, na ile ya Municipal hufungwa. Kwenye skrini utasoma "Dismissed", yaani imefutwa. Watu huipiga picha neno hilo wakafurahi, kumbe kesi imehamia jengo jingine. Kaunti ya Franklin hata wana maneno yake, kwamba imefutwa kwa kusubiri mashtaka ya baadaye. Ukiona CRA iliyofutwa, nenda moja kwa moja ukatafute jina hilo hilo kwa karani wa Common Pleas, kwa tahajia zote za hatua ya 4.

Angalia pia kosa la mwisho, usiishie kwenye la kwanza. Aliyeshtakiwa kwa kifungu 4511.19, ulevi, anaweza kuwa alihukumiwa kwa 4511.20, uendeshaji wa hatari, baada ya mapatano. Kwenye fomu utaeleza yote mawili. Na kama ulilipa tiketi kwa posta au mtandaoni bila kwenda mahakamani, usishangae kukuta "Guilty": kulipa kwa njia ile ni kukiri kosa. Kwa tiketi ya kawaida, bila kukamatwa, bila pombe wala dawa, ambayo adhabu yake ilikuwa pointi za leseni au faini chini ya dola 500, USCIS hawadai karatasi za mahakama. Swali lenyewe lijibu kwa ukweli hata hivyo.

Ukiona neno "warrant", yaani hati ya kukukamata, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba imefutwa, simama hapo hapo. Usiende dirishani kuuliza. Tafuta wakili kwanza, wa jinai anayeelewa uhamiaji.

Hatua ya 6: Muhuri

Karatasi uliyochapa nyumbani ni ya kukuongoza wewe. Nenda kwa karani na namba ya kesi, omba nakala iliyothibitishwa ya hukumu ya mwisho, chukua mbili. Kaunti za mbali hutuma kwa posta. Kama una mpango wa kuomba rekodi ifungwe, chukua nakala hizi kabla, maana ikishafungwa haionekani tena mtandaoni, ilhali USCIS watakuuliza bado.

Ukiambiwa hakuna kitu

Majalada ya makosa madogo huteketezwa baada ya muda kwa mujibu wa kanuni za mahakama, na kesi za watoto hazimo kwenye utafutaji wa kawaida. Karani akikosa jalada, usiondoke na jibu la mdomo. Omba barua yenye muhuri inayosema ametafuta na hakupata, au kwamba jalada liliteketezwa, na uhakikishe ndani yake yametajwa majina yote aliyotafutia, pamoja na yale yaliyokosewa, na tarehe yako ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye kadi ya kijani.