Kutunga lục bát: anza na chumba cha 6

Kwa anayejifunza shuleni lục bát, shairi la Kivietinamu ambalo mishororo ya mizani 6 na ya mizani 8 hupokezana: usiuanze mshororo wa mizani 8 mwanzoni. Chora vyumba 8, kimoja kwa kila silabi, ujaze kwanza cha 6 kwa silabi inayofuata kina cha mwisho cha mshororo uliotangulia, kisha cha 8, ambacho kitaamua kina cha mshororo wa mizani 6 unaofuata. Kati ya vyumba hivyo viwili, kimoja kiwe na toni (kiimbo cha silabi) ya ngang (haina alama, kama *ma*), kingine huyền (*mà*). Kina hiki cha ndani, cha chumba cha 6, ndicho kinachoponyoka zaidi, kwa kuwa macho hukimbilia mwisho wa mstari. Mbinu hukwama kwenye zile tungo za jadi ambamo kina huangukia silabi ya 4; hizo zisome kwa sauti kwanza.