Namna ya Kuisikiliza At Fillmore East Bila Kuchoka Njiani

Vijana ninaowafundisha besi wana lalamiko moja kuhusu At Fillmore East, albamu ya Allman Brothers Band: nyimbo ndefu mno. Ni kweli. Santuri mbili nzima zina nyimbo 7 tu, na mmoja unapita dakika 23. Ila wanaochoka karibu wote wamesikia Whipping Post, ndio huo mrefu, ikisifiwa wakaikimbilia moja kwa moja. Usianzie huko.

Kwanza ujue unawasikiliza kina nani. Allman Brothers Band walikuwa vijana sita wenye maskani yao Macon, jimbo la Georgia, na bendi nyingi za roki ya Kusini mwa Marekani zilifuata njia waliyoichonga wao. Albamu yenyewe ilirekodiwa New York, mbele ya watu, tarehe 12 na 13 Machi 1971, kwenye ukumbi wa Fillmore East wa promota Bill Graham. Msimamizi wa kurekodi alikuwa Tom Dowd. Usiku wa kwanza walipanda na wapuliza ala. Dowd akataka waondolewe. Mimi namshukuru mpaka leo.

Sasa vaa hedifoni, maana spika ya simu inaimeza besi yote. Weka Statesboro Blues, wimbo wa mwanablues wa zamani Blind Willie McTell, dakika nne na kidogo. Gitaa linaloteleza na kulia ni la Duane Allman: kidoleni amevaa kichupa cha kioo cha dawa ya mafua, Coricidin, anakiburuza juu ya nyuzi. Angalia linatokea sikio gani. Sikio lile jingine ni la Dickey Betts. Kariri hapo hapo, kwa sababu mbele Duane atakivua kichupa na bila alama hiyo utawachanganya. Sisi tuliokulia kwenye dansi tumezoea kumtafuta mpiga solo na mpiga rizimu. Hapa usihangaike. Wote wawili ni solo. Anayesubiri zamu anamjibu mwenzake, na mara nyingine wanapiga sauti mbili za wimbo mmoja kama waimbaji.

Ruka hadi Stormy Monday kwa ajili ya sauti ya Gregg, mdogo wake Duane, na kinanda chake cha Hammond. Halafu In Memory of Elizabeth Reed, ambayo haina maneno. Mtungaji ni Betts; jina alilisoma kwenye kaburi la Rose Hill, Macon. Mwanzoni anagonga uzi huku sauti ya gitaa ikiwa imefungwa, kisha anaifungua taratibu, hata usikie fidla badala ya gitaa. Betts anatangulia kwenye solo, kinanda kinafuata, ndipo Duane anaingia. Sikiliza mara ya kwanza ukiwafuata hao. Mara ya pili waache, wafuate wapiga drums, Butch Trucks na Jaimoe: Trucks anasukuma mbele, Jaimoe, mtu wa jazi, anacheza katikati ya nafasi anazoachiwa.

Hapo ndipo unaruhusiwa kwenda Whipping Post. Besi ya Berry Oakley inaanza peke yake. Usiitafutie mapigo manne. Gonga meza kwa kidole: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili. Jumla mapigo 11. Ile moja-mbili ya mwisho ndiyo inayokusukuma, kwa sababu mguu wako bado unangoja tatu wakati wenzako wameshaanza upya. Gregg aliutunga mwenyewe na hakujua kuwa ni 11 mpaka kaka yake alipomwambia. Wanafunzi wangu huikosea sana wakiwa na karatasi mkononi. Wakiipiga kwa sikio inatoka.

You Don't Love Me, dakika 19, iweke ya mwisho. Ngoja pale bendi nzima inaponyamaza Duane akabaki peke yake na ukumbi mzima umetulia kumsubiri.

Utasoma kwamba Duane alifariki kwa ajali ya pikipiki Macon tarehe 29 Oktoba 1971, na Oakley vivyo hivyo, mji huo huo, Novemba 1972, wote wakiwa na miaka 24. Usisikilize kimatanga. Siku ile ya Machi hakuna aliyelijua hilo, na picha ya jalada wanacheka. Wengi huirudia albamu hii kwa sababu kila ukimfuata mtu mwingine unasikia onyesho jingine.

Mwishoni mwa Whipping Post ngoma nzito zinaanza wimbo mwingine, mara sauti inafifia. Huo ni Mountain Jam, zaidi ya nusu saa, umo kwenye albamu yao Eat a Peach ya 1972. Kwenye santuri umekatwa pande mbili, kwa hiyo huo usikilize kwenye simu au CD.